Wanja Uliokauka

Kila asubuhi Vikashni aliamka mara tu aliposikia baba yake akifungua mlango wa nyuma. Aliwasha jiko, akachoma chapati, akazifunga pamoja na mchuzi wa viazi: fungu la baba la kwenda nalo shambani, lake la shule, na dogo la Artika, mdogo wake. Kisha alimwamsha Artika, akamchana nywele huku mtoto akisinzia, akamsuka misuko miwili na kuifunga utepe. Vikashni alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Artika alikuwa na miaka sita, na mwaka huo ndio alioanza darasa la kwanza.

Mama yao alikuwa amefariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa figo. Tangu hapo baba, Jainend, aliongea kidogo sana. Alilima miwa huko Bulileka, nje kidogo ya mji wa Labasa, na msimu wa mavuno ukifika alishinda shambani tangu alfajiri, au akakaa ndani ya lori lake kwenye foleni ya kiwanda cha sukari. Aliporudi alinawa masizi, akala, akalala. Shangazi Sumintra, dada yake, alikaa ng'ambo ya njia. Ndiye aliyekuja kila Jumamosi kusaidia kufua, na ndiye aliyewakemea wote watatu, baba akiwemo.

Diwali, sikukuu ya taa, ilipokaribia, Artika alirudi kutoka shule amenuna. Alitupa mkoba mlangoni na kukaa chini.

"Nini tena?" Vikashni akamuuliza.

"Tutacheza ngoma siku ya sherehe. Mwalimu amesema kila mtoto apakwe wanja na mama yake."

"Sasa?"

"Sasa Shivani kasema mimi nitakuja na macho makavu kama mjusi, kwa sababu sina mama."

Vikashni aliacha kukata vitunguu. "Kamwambie Shivani mjusi ni yeye. Nitakupaka mimi."

"Kwani unajua?"

"Najua," alisema. Lakini hakujua.

Angeweza kuvuka njia na kumwomba Shangazi, ambaye alikuwa amepaka wanja macho ya watoto wengi wa ukoo ule. Hakutaka. Shangazi angefika, angefanya kazi yake kwa haraka, na watu wangesema maskini, shangazi yake amemsaidia. Vikashni alitaka watu wamtazame Artika wadhani ametoka mikononi mwa mama yake.

Ndani ya kabati la baba kulikuwa na kopo la biskuti ambamo vitu vya mama vilihifadhiwa: bangili, pete ya pua, na kichupa cha wanja wa maji chenye brashi nyembamba kwenye kifuniko. Baba hakuwahi kukataza lisiguswe. Hakuwahi kulitaja tu. Vikashni alikichukua kile kichupa, akakificha chini ya mto wake.

Siku iliyofuata alimwita Mereani, rafiki yake wa darasani, ambaye dada yake alifanya kazi katika duka la vipodozi mjini. Walikaa uani mbele ya kioo kidogo.

"Egemeza kiwiko mezani," Mereani alisema. "Mkono ukining'inia utatetemeka. Usivute mstari kwa mara moja. Weka nukta, nukta, nukta, halafu uziunganishe. Anzia katikati ya jicho uende nje."

Vikashni alijaribu. Mstari wa kwanza ulipanda kama njia ya mlima. Wa pili ulikuwa mnene, na alipotaka kuusawazisha na ule wa kwanza, yote miwili ikazidi kunenepa.

Mereani alicheka hadi akashika tumbo. "Wee! Umefanana na mtu aliyepigwa ngumi!"

"Nyamaza. Nipe mafuta ya nazi nifute."

Alifuta, akaanza upya. Alipozidi kujaribu, mkono ulitulia, na mstari wa jicho la kulia ukatoka vizuri, mwembamba, wenye mkia mdogo uliopinda. Alijitazama kwa muda mrefu. Kwenye kile kioo alimwona mama yake kidogo, hasa pembeni mwa jicho.

Alipotaka kupaka jicho la pili, brashi ilitoka kavu. Aliichovya tena, ikatoka na mabonge. Mereani alikichukua kichupa, akakinusa, akakunja uso.

"Huu umeharibika. Dada huwa anasema wanja ukikauka utupwe. Utupe, nitakuombea mwingine kwake."

"Siutupi. Ni wa mama."

Mereani akamrudishia kichupa. Vikashni alikwenda kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba, akatia matone machache ndani ya kichupa na kukitikisa. Wino ukalainika. Lakini ncha ya brashi ilibaki ngumu.

Siku moja kabla ya sherehe, walipotoka shule na Artika kurudi kutoka kumpelekea baba chai shambani kama alivyoagizwa, Vikashni alimkalisha kwenye kiti cha jikoni. "Leo tunajaribu tu. Tazama juu. Usicheke."

"Inanitekenya!"

"Nimesema usicheke, Artika."

Mtoto alijikaza. Jicho la kulia lilitoka vizuri. Lakini alipofika jicho la kushoto, mabua ya miwa yaliyokuwa yakichomwa kwa jirani yalipeperusha masizi hadi dirishani, Artika akapiga chafya, na ile ncha ngumu ikaingia jichoni.

Artika alipiga yowe. Vikashni alimbeba hadi kwenye pipa, akamwoshea jicho kwa maji yale yale, huku akimwomba, "Nyamaza, nyamaza, Shangazi atasikia." Machozi na wino vilitiririka hadi shingoni. Maumivu yalipopungua, alimfuta uso kwa mafuta mpaka hapakubaki hata alama, akakirudisha kichupa ndani ya kopo. Kisha akapiga magoti mbele yake.

"Usimwambie Baba. Akijua nimefungua kopo la Mama, ataumia sana. Akikuuliza, sema ulichomwa na jani la muwa ulipotoka kumpelekea chai shambani. Sawa?"

"Jani la muwa," Artika akarudia, jicho lake moja limefumbwa.

Asubuhi jicho lilikuwa jekundu, limevimba, na halikufunguka. Artika alilia kwamba kuna mchanga ndani. Hata hivyo alivaa nguo ya ngoma, akang'ang'ania kwenda. Kabla zamu ya darasa lake haijafika alitapika kwa maumivu, na mwalimu akamrudisha nyumbani. Nyumba zote za njia ile ziliwaka taa jioni hiyo, isipokuwa yao, kwa sababu baba alikuwa amempakia Artika kwenye lori pamoja na Vikashni na kumkimbiza hospitali.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mrefu aitwaye Litia. Aliliangalia lile jicho kwa taa yake na kuuliza, "Umeumizwa na nini, mwanangu?"

"Jani la muwa," Artika akajibu bila kusita.

"Wewe dada yake, ulikuwepo?"

Baba alimgeukia Vikashni. Daktari naye alimgeukia. "Alitoka shambani analia," Vikashni alisema.

"Basi sikilizeni," Daktari akasema. "Kwenye kioo cha jicho kuna kidonda. Majani na udongo vina kuvu, nayo ina dawa yake. Tumechukua kipimo cha kupeleka mji mkuu, Suva, lakini majibu yatachelewa na jicho halingoji. Nitaanza na dawa ya kuvu."

Artika alilazwa. Dawa ilitiwa mchana kutwa, lakini jicho lilizidi kuwa baya. Palipokuwa na doa dogo pakawa na ukungu mweupe, na usaha wa kijani ukatoka. Mtoto aliacha kulia. Alilala tu ameugeukia ukuta, na hilo lilimtisha Vikashni kuliko kilio.

Mchana mmoja Vikashni alipeleka chakula wodini, akakuta baba na Shangazi wamekaa kando ya kitanda. Baba hakuwa amenyoa wala kubadili shati tangu siku ya kwanza. Hakumwona akiingia.

"Mimi ndiye niliyemwagiza chai," baba alikuwa akimwambia Shangazi. "Mtoto wa miaka sita namwingiza kwenye miwa, kwa sababu ya kikombe cha chai. Mama yao angekuwepo, asingeniruhusu. Sasa Daktari anasema wanaweza kuliondoa jicho. Nitamwambia nini mtoto huyu akikua?"

Vikashni aliliweka lile fungu la chakula sakafuni pale pale mlangoni, akageuka. Alimpata Daktari kwenye ujia.

"Daktari, si jani."

"Unasema?"

"Si jani. Ni mimi. Nilikuwa nampaka wanja, brashi ikamwingia. Ulikuwa umekauka, nikautia maji."

Daktari aliinama hadi nyuso zao zikawa sawa. "Maji gani?"

"Ya pipa. Na jicho nililiosha kwa hayo hayo."

"Wanja wa lini?"

"Wa mama. Alifariki mwaka juzi."

Daktari hakumgombeza. Alimwita muuguzi na kutaja dawa nyingine, kwa sauti ya haraka. Kisha akasema, "Nakihitaji hicho kichupa leo hii. Kamwambie baba yako akilete."

"Mwambie wewe, Daktari. Tafadhali."

"Hapana. Hilo siwezi kukufanyia."

Vikashni alirudi wodini, akasimama mbele ya baba yake na kusema yote. Baba aliinuka polepole.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Shangazi alijishika kinywa, halafu maneno yakamtoka. "Siku zote hizi unamtazama mwenzio anaoza jicho, umekaa kimya? Unamtazama baba yako anajilaumu, umekaa kimya? Roho gani hiyo, Vikashni?"

Kutoka kitandani ilisikika sauti ndogo. "Mimi sikusema, Dada. Nimesema jani tu."

Baba aliufunika uso wake kwa mikono miwili. Kisha akatoka, na muda kidogo wakasikia lori likiondoka.

Alirudi na kopo lote la biskuti, akamkabidhi Daktari kichupa. Hakusema na Vikashni siku ile wala iliyofuata. Vikashni alikaa kando ya kitanda wakisaidiana na Shangazi kumshika Artika kila saa ya dawa, maana dawa mpya iliwasha kama pilipili na mtoto alipigana nao. Kidogo kidogo usaha ulikauka. Maumivu yakapungua. Siku Artika alipoomba chapati, Shangazi alitoka nje kulia.

Jioni hiyo baba alikaa karibu na Vikashni kwenye benchi la ujia.

"Ungeniambia," alisema.

"Niliogopa, Baba. Lile kopo hulitaji kamwe."

"Ni kweli, silitaji," Baba alisema. "Hapo nimekosea. Lakini wewe uliponidanganya, niliamini, na Daktari akaamini, na dawa ikawa ya uongo wako, si ya jicho la mdogo wako."

Jicho halikuondolewa. Lakini siku ya kurudi kupimwa, Daktari aliliziba jicho la kulia la Artika kwa kitambaa, akamsimamisha Vikashni upande wa pili wa chumba.

"Unaona nini?"

Artika alilifungua jicho la kushoto. Katikati yake palikuwa na kovu jeupe kama tone la maziwa. "Naona moshi. Kuna mtu kwenye moshi."

"Mtu gani?"

Artika alikaza jicho. "Sijui. Ni nani?"

Vikashni alisogea hatua, na nyingine. Alipofika karibu kiasi cha kumgusa, Artika akatabasamu. "Kumbe ni Dada!"

Daktari alifungua kitambaa, akamrudisha mtoto kwa baba yake. Kisha akamwambia Vikashni aketi.

"Nitakuambia ukweli, kwa sababu umeshaona uongo unafanya nini," alisema. "Kovu hilo halitafutika. Pengine akikua atafanyiwa upasuaji, pengine hautafaa. Kuumiza jicho kwa brashi ni ajali, na ajali humpata yeyote. Wanja uliokauka au ulioingia maji hautiwi jichoni, hata kama ni wa mtu uliyempenda. Hilo hukulijua na sasa unalijua. Lakini siku zile tulizomtibu kwa dawa isiyo yake, hazikuwa ajali. Ukija kwa daktari, kwa mwalimu, kwa baba yako, sema kilichotokea kama kilivyotokea, hata kama unatetemeka. Sisi hatuwezi kutibu tusichokijua. Na mdogo wako usimfundishe tena kukusitiri. Alikusitiri vizuri mno."

"Ndiyo, Daktari," Vikashni alisema.

Shule ilipofunguliwa, watoto walimzunguka Artika langoni wakitaka kujua jicho lake limekuwaje. Shivani alikuwa mbele. Vikashni angeweza kupita, lakini alisimama katikati yao.

"Ni mimi niliyemuumiza," alisema, "nikadanganya, ndiyo maana likachelewa kupona. Mwenye swali aniulize mimi."

Kengele iligongwa, watoto wakatawanyika. Artika alianza kuvuka uwanja na kumgonga mvulana aliyetokea kushoto kwake, akayumba. Vikashni alimfikia, akahamia upande ule asioona, akamshika mkono, na tangu siku hiyo akawa anatembea upande huo.