Tisini na Mbili ya Uongo

Kila Jumamosi, kabla hata sijanawa uso vizuri, nilikuwa nimeshashika ufagio. Gereji yetu ilikuwa mbele ya nyumba, chini ya paa la mabati, na Mama hakukubali siku ianze sakafu ikiwa na mafuta. "Fundi mchafu hutengeneza gari chafu," alipenda kusema, na yeye mwenyewe ana grisi mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa fundi umeme wa magari. Wateja walimwita Fundi. Mimi waliniita Chapuchapu, kwa sababu kazi yoyote niliimaliza kabla wengine hawajaianza, na jina hilo nililionea fahari kweli kweli.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuchemsha swichi. Usicheke. Vipuri vyetu vingi vilikuwa vya mtumba, vimetolewa kwenye magari yaliyokwisha kufa, na Mama hakuamini kitu cha mtumba mpaka akione kinafanya kazi. Kwa hiyo tulikuwa na sufuria yetu mbovu, isiyopikiwa chakula. Swichi ya joto, ile inayowasha feni ya rejeta, lile tangi la kupoza maji ya injini, maji hayo yakipata moto, niliitumbukiza ncha kwenye maji juu ya jiko, nikaiunganisha na betri na balbu ndogo, kisha nikakaa na kipimajoto. Balbu ikiwaka nasoma nyuzi, naandika kwenye daftari la vipimo, naweka sahihi. Ni nusu saa nzima ya kukodolea maji macho. Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini nadhani wahenga hao hawakuwahi kukaa mbele ya sufuria huku wenzao wanaruka kamba nje.

Swichi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya gari la Babu Cherehani, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa fundi nguo mstaafu, na hata baada ya kustaafu alitembea na pini mbili tatu kwenye ukosi wa shati, kana kwamba mteja anaweza kutokea wakati wowote. Gari lake lilikuwa na umri mkubwa kuliko Mama. Watoto wa mtaani walilicheka, lakini gari hilo ndilo lililombeba mke wake. Bibi alikuwa na ugonjwa wa figo, na mara tatu kwa wiki ilimbidi afike hospitali kusafishwa damu. Miguu yake haikuweza hata kumfikisha barabarani. Bila gari hilo, hakuna hospitali.

Panga la feni ya zamani lilikuwa limevunjika, na jingine halikupatikana popote. Mama akaamua kufunga feni ya umeme.

"Mzee wangu, nakwambia mapema," Mama alimwambia. "Injini hii ikichemka ikaungua, hakuna wa kuifufua. Vipuri vyake havitengenezwi tena."

"Nimekuelewa, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwao.

Jioni ya Alhamisi nikapewa swichi niipime. Maji yalikuwa yamefika nyuzi sabini tu rafiki yangu aliponiita kutoka nje: "Chapuchapu! Tumebaki wawili, njoo utushikie kamba!" Niliitazama balbu. Balbu ilikuwa kimya. Nikakumbuka kwamba jana yake nilipima swichi nyingine iliyotoka kwenye boksi hilohilo, nayo iliwaka kwenye tisini na mbili. Nikajiambia, hizi ni pacha, ya nini kujipotezea jioni? Nikazima jiko, nikaandika 92, nikaweka sahihi yangu yenye mkia mrefu, nikatoka mbio.

Ijumaa Mama aliangalia daftari, akaifunga swichi, akalizungusha gari mitaani. Mshale wa joto ukatulia katikati. Wakati ule sikujua kwamba gari likitembea, upepo wenyewe huipoza rejeta. Feni inahitajika gari likisimama na injini inawaka.

Jumamosi asubuhi Babu Cherehani alikuja na Bibi amekaa kiti cha nyuma, mkoba wake wa hospitali mapajani.

"Fundi, niazime huyu binti," akasema. "Macho yangu na hiyo saa ya joto hayaelewani."

Mama akanipeleka mpaka kwenye dashibodi, akaweka kidole juu ya kioo cha saa hiyo. "Mshale ukifika hapa, utaisikia feni inanguruma. Ukipita hapa na feni iko kimya, sema. Nimekuchagua wewe kwa sababu wewe ndiye uliyepima."

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Mama alikuwa ameshageuka kumfungulia mteja mwingine boneti. Nikaufunga mdomo wangu, nikapanda gari.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Babu aliendesha taratibu hata baiskeli zikatupita, upepo ukaingia dirishani, mshale ukakaa katikati. Nikaanza kujipa moyo. Hizi ni pacha, nikarudia kimoyomoyo. Zimetoka boksi moja.

Tulipofika kwenye barabara ya kupanda kilima, tukakuta wanachimba mtaro. Upande mmoja wa barabara ulikuwa umefungwa. Mbele yetu kulikuwa na msururu wa magari usio na mwisho, na kijana mwenye bendera nyekundu alikuwa amesimama kama vile ameajiriwa kutukomoa. Gari likasimama, na upepo nao ukakoma.

Mshale ulisogea kidogo. Nikasema labda ni macho yangu. Ukasogea tena.

"Leo Chapuchapu umemeza ulimi?" Bibi aliniuliza kutoka nyuma. "Si kawaida yako."

"Niko sawa, Bibi."

Sikuwa sawa. Mshale ukafika pale Mama alipoweka kidole. Nikasikiliza. Nilisikia injini, nikasikia koleo za wachimbaji, nikamsikia Bibi akihema. Feni sikuisikia. Nikaomba kimoyomoyo: nguruma, tafadhali nguruma, sitarudia tena maishani. Swichi haisikii maombi. Mshale ukapita.

"Vipi huko?" Babu akauliza.

"Bado, Babu." Ulimi wenyewe ndio uliojibu.

Sijawahi kuogopa namna ile. Nilimwogopa Mama. Niliogopa kuitwa mwongo mbele ya mtaa mzima. Kisha nikatazama kwenye kioo, nikamwona Bibi amefumba macho, mkono wake umeshika mkoba, na mishipa imevimba mkononi pale wanapoingiza sindano. Nikaiona injini imeungua, gari limewekwa juu ya matofali, na Bibi amelala nyumbani asiweze kwenda popote. Hofu hiyo ilizizidi zile nyingine zote. Mshale ulikuwa umegusa mstari wa kwanza mwekundu.

"Babu, zima gari!" nikapiga kelele. "Zima sasa hivi! Limechemka! Ile swichi sikuipima, Babu, niliandika tu!"

Babu alizima papo hapo. Wachimbaji wawili waliacha koleo zao wakatusukuma mpaka pembeni, na mmoja wao akatania kwamba gari hilo lingepaswa kumsukuma yeye, maana limemzidi umri. Mimi sikuweza kucheka. Kutoka chini ya boneti kulisikika sauti ya kitu kinachotokota.

Babu akafungua boneti, akachukua kitambaa, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta. "Enzi zetu tulikuwa tunafungua tu, tunaongeza maji."

"Usiguse, Babu!" Nilimdaka mkono kwa nguvu zangu zote. "Maji yataruka! Yatakuunguza uso! Mama hafungui mpaka ipoe kabisa."

Alinitazama, kisha akaurudisha mkono taratibu. Akanipa simu yake. "Basi mpigie Mama yako. Mwambie mwenyewe."

Simu iliita mara mbili. Nilimweleza Mama yote, kuanzia kamba ya kuruka mpaka mshale mwekundu.

"Bibi yako anaendeleaje?" akauliza kwanza.

"Amechoka, Mama, lakini yuko salama."

"Kifuniko hakijaguswa?"

"Hapana."

"Sikiliza sasa, na leo usifanye chapuchapu. Chini ya rejeta, pembeni, utaiona ile swichi. Ina plagi ya nyaya mbili. Ichomoe. Nyaya hizo zikiunganishwa, feni itawaka yenyewe hata ufunguo ukiwa umetolewa. Kwa hiyo mkono wako ukae mbali na mapanga. Una kipande cha waya cha kuziunganisha?"

Nilitazama huku na huku. Waya haukuwapo. Babu Cherehani, aliyekuwa ameinama kusikiliza, akagusa ukosi wake, akachomoa pini moja kubwa, akaifungua.

"Nimeshona nguo miaka arubaini na pini hizi," akasema. "Leo tutashona gari."

Nilichuchumaa mbele ya gari. Mapanga ya feni yalikuwa sentimita chache tu kutoka kwenye vidole vyangu, meusi, yametulia. Nilijua kwamba nikikosea hatua moja yatazunguka mkono wangu ukiwa ndani. Nikasubiri. Nikahesabu pumzi kumi, mimi niliyezoea kutohesabu hata tatu. Kisha nikaichomoa plagi, nikaivuta pembeni mbali na mapanga, nikachomeka ncha moja ya pini kwenye tundu la kwanza. Ncha ya pili nikaiingiza kwenye tundu la pili.

Feni ilinguruma. Nilishtuka nikaanguka chali kwenye vumbi, na wachimbaji wakapiga makofi. Sikujali. Niliinuka mbio nikasimama dirishani kuangalia mshale, maana saa ya gari la zamani kama lile husoma joto hata gari likiwa limezimwa. Ulikaa palepale kwa muda ulionichosha roho, kisha ukaanza kushuka, taratibu kama Babu mwenyewe.

Mama alitukataza kuwasha injini mpaka mshale urudi katikati. Ulipofika hapo nilifunga pini ile kwa utepe wa gundi tuliopewa na wachimbaji, isije ikachomoka, tukaondoka, na feni ikanguruma mpaka hospitali. Tulichelewa nusu saa. Nilibeba mkoba wa Bibi mpaka kwa muuguzi wa zamu, nikasema, "Samahani, nimemchelewesha mimi." Muuguzi akasema bado nafasi yake ipo, akamchukua. Nilikaa kwenye benchi, nikalia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Jioni Mama aliitoa swichi, akaniwekea sufuria mbovu mbele yangu. Nikapima. Themanini, tisini, tisini na mbili. Balbu kimya. Maji yakachemka mapovu yakitoka, balbu haikuwaka kabisa. Swichi ilikuwa imekufa zamani, na ile pacha yake ilikuwa nzima. Boksi moja halikuwa limenihakikishia lolote.

Mama akavuta kigoda, akakaa karibu nami. Daftari la vipimo lilikuwa mkononi mwake.

"Kilichonikasirisha si kwamba hukupima," akasema. "Kuna siku mtu anachoka, kuna siku anataka kucheza. Ungeacha nafasi wazi hapa, ningejua bado haijapimwa, ningeipima mwenyewe. Nafasi wazi ingeniambia nisubiri. Namba yako ikaniambia nifunge. Mimi nikaamini, Babu akaniamini mimi, Bibi akaingia garini. Umeona uongo wa tarakimu mbili ulivyobeba watu wengi?"

"Nimeona, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ulipozungumza, uliiokoa injini, na mikono ya Babu yako pia. Lakini ungezungumza asubuhi hapa gerejini, wala msingefika kwenye kilima. Ukweli ni kama maji ya rejeta, mwanangu. Usingoje mpaka yachemke ndipo uyaangalie."

Hakuifuta ile 92. Alinipa kalamu, akaniambia niandike mbele yake kwa mkono wangu: *Sikupima.* Nikaandika, na safari hii sahihi yangu haikuwa na mkia.

Jumapili tulipima swichi nyingine. Nilikaa mbele ya sufuria mpaka miguu ikafa ganzi, na wenzangu waliita mpaka wakachoka. Balbu iliwaka kwenye tisini na nne. Nikazima jiko, maji yakapoa, nikapima tena kwa hiari yangu. Tisini na nne. Mama naye akaongeza swichi ya mkono chini ya dashibodi, ili dereva aweze kuiwasha feni mwenyewe ile ya joto ikigoma.

Jumanne alfajiri Babu Cherehani alikuja kuchukua gari. Bibi alikuwa ameshakaa nyuma na mkoba wake. Babu alisimama mbele ya Mama, ukosi wake una pini moja pungufu, akaitazama boneti, kisha akanitazama mimi.

"Hii imepimwa na nani?"

Mama hakunisaidia. Aliendelea kupangusa mikono.

"Mimi, Babu," nikasema. "Mara mbili."

Babu akafungua mlango, akaingia, akawasha gari. "Basi twende zetu," akamwambia mkewe.