Barua ya Sekela kwa Mama Aliye Angani

Sekela alipogusa meza, herufi ziliwaka chini ya vidole vyake. Huo ndio ubaonuru: herufi za mwanga tu, zimemulikwa mezani, na jicho dogo linalosoma kila kidole. Mhandisi Ambakisye, mjomba wake anayemlea, aliubuni kwa ajili yake. Mtoto ana miaka kumi na akili inachemka, lakini akishika kalamu herufi zinapandana na kutoka nje ya mstari. Walimu wake pale Mbeya walisema mvivu. Mvivu gani huyo analilia daftari?

Miezi minne walifanya mazoezi kila siku baada ya chai. Bado alikosea herufi nyingi, ndipo Ambakisye akaongeza kibashiri, akili ya mashine inayokisia neno na kulinyoosha. Alikifundisha kwa barua elfu tisa za watu wa mjini, za kwanza zikiwa zile alizomwandikia dada yake kwa mkono. Dada huyo, Atupele, mama yake Sekela, ni fundi wa kuchomelea katika kituo cha angani. Kule sauti na video ni za kazi tu. Familia zina barua moja kwa wiki, na sasa Sekela aliiandika mwenyewe.

Alhamisi likaja jibu la Atupele. "Mwanangu, nafurahi kila wiki unaniambia hali yako ni nzuri. Basi Jumamosi natia saini mkataba wa miaka mitatu mingine huku."

Sekela alisoma, akaacha chai yake.

"Kulikoni?" Ambakisye aliuliza.

"Nimemwambia hali yangu si nzuri. Kila wiki. Hajali."

Ambakisye alifungua kumbukumbu ya vidole, mahali ubao unapohifadhi kile hasa kilichoguswa. Alichokiona kilimuuma sana. Barua sita, zote zikianza: "Hli yangu si nzri mama rudi." Na mara zote sita kibashiri kilituma: "Hali yangu ni nzuri mama, sijui wewe." Kilikuwa kimejifunza vizuri. Kwetu hata mgonjwa wa kitandani ukimuuliza hujambo, atajibu sijambo kwanza.

"Hukuona kimebadilisha?"

"Niliona, mjomba. Nilidhani kinanisahihisha, kama herufi."

Barua ya wiki hiyo ilikuwa haijaondoka. Ambakisye alikizima kibashiri, Sekela akaanza upya, kidole kimoja kimoja, dakika ishirini nzima. Ilipotokea tena "nzri" mikono ilimwasha mhandisi, akaitia mifukoni.

Kabla ya kutuma, Sekela aligeuka.

"Mjomba, zamani wewe ndiye ulikuwa unaniandikia. Nilikuambia haya haya. Uliandika nini?"

Ambakisye aliyakumbuka maneno yake, kwa mwandiko safi uliokaa sawasawa mstarini: Sisi huku hatujambo.

"Sogea kidogo," alisema. "Na mimi nina sentensi yangu."