Fimbo Isiyo na Pete

Haya yalimkuta rafiki yangu Kuai, fundi wa shaba hapa Datong. Mama Xing, aliyefiwa na mwanawe, alimletea sanamu kuukuu ya Dizang, mtakatifu anayeziongoza roho za watoto waliokufa kwenda ahera. Fimbo yake yenye pete sita zinazolia atembeapo ilikuwa imepotea.

"Nitengenezee nyingine, fundi, ila pete usitie."

"Fimbo bila pete? Ya kuchungia mbuzi hiyo, dada!"

"Zikilia, mwanangu atazifuata."

Kuai akaifua bila pete. Siku ya kuichukua, vumbi la jangwani lilitia mchana giza. Mama Xing aliondoka amekumbatia sanamu kwa mkono mmoja, mwingine ameuteremsha kama anayemshika mtoto.

Kutoka kichochoroni Kuai akasikia pete zikilia, zikienda mbali. Akatoka mbio.

"Nilimng'ang'ania, fundi!" mama alilia.

Kiganja chake kitupu kilikuwa na alama mbichi za kucha ndogo.