Filamu Iliyorudishwa Alhamisi

Mzee Kailash Thakrar alikutwa sakafuni sebuleni, chali, kichwa upande wa kaskazini, na jani lililonyauka mdomoni.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Juni 2006, Thornton Heath. Mtaa mzima ulikuwa umetundika bendera madirishani kwa ajili ya Kombe la Dunia. Mwanawe, Sanjay, ndiye aliyefungua mlango kwa ufunguo wake, akamwona baba, akarudi nje na kuwapigia polisi simu akiwa amekaa ukingoni mwa barabara.

Inspekta Mwanamwema Shali alichuchumaa kando ya maiti. Mwenyeji wa Lamu, miaka ishirini na mbili katika polisi wa London, na magoti yake sasa yalikuwa yakimlalamikia kila alipokutana na marehemu wa sakafuni.

"Amezibwa pumzi," alisema Sajini Douglas nyuma yake. "Kasukumiwa majani mdomoni." Douglas alikuwa mtu mwema, ila alipenda kesi iishe kabla ya chakula cha mchana.

Mwanamwema alilichukua jani kwa koleo, akalinusa. Ndugu wa mrehani. Kando ya kichwa palikuwa na taa ndogo ya udongo iliyoungua hadi utambi ukaisha, na kikombe cha shaba chenye maji kidogo. Macho ya mzee yalikuwa yamefumbwa. Shuka lilikuwa limekunjuliwa hadi kifuani bila kunyanzi hata moja.

"Umeona muuaji gani anayetandika shuka?" aliuliza.

"Mwenye kujuta," alisema Douglas.

Hilo nalo lilikuwa jibu. Mwanamwema aliliweka akiba.

Walimhoji Sanjay ndani ya gari. Alikuwa mfamasia, umri miaka arobaini na minane, amezaliwa Kisumu na kuletwa Uingereza akiwa na miaka kumi na miwili. Aliposikia jina la inspekta alihamia Kiswahili bila kuombwa.

"Mara ya mwisho kumwona baba ni lini?"

"Jumatano ya wiki iliyopita. Mimi huja kila Jumatano."

"Jumatano hii?"

"Nilikuwa na kazi mob, nyingi kabisa."

"Alikupigia simu wiki hii?"

"Hapana."

"Lile jani unalijua?"

Sanjay aliangalia dirishani. "Silijui. Muulize yule mwanamke wa kumtunza. Shekinah. Agency ya watunza wazee ndio walimleta. Ana ufunguo. Nani mwingine angeingia? Amemuua baba yangu, Inspekta, na wewe unaniuliza mambo ya majani."

Jioni Daktari Poonam, mchunguzi wa maiti, alipiga simu. Mzee alikufa Jumanne mchana kwa moyo kushindwa. Hakuna sumu, hakuna dalili ya kuzibwa pumzi. Lakini chini ya makwapa yote mawili palikuwa na michubuko.

"Ya kabla ya kufa au baada?"

"Kabla. Damu ilikuwa bado inatembea. Mtu alimshika kwa nguvu akamburuta kutoka kitandani hadi sebuleni akiwa hai."

"Angepelekwa hospitali angepona?"

"Moyo ule? Labda wiki moja. Labda hata ngazi za ambulensi asingezimaliza. Mahakamani sitaapa kwa lolote."

Basi kulikuwa na mtu aliyemburuta mgonjwa anayekata roho, hakuita msaada, akafunga mlango na kwenda zake. Kwa sheria, hapo mtu hana pa kujificha. Douglas alitaka hati ya kumkamata Shekinah usiku uleule. Mwanamwema alimwambia haraka haraka haina baraka, na Douglas, ambaye alishatafsiriwa methali hiyo mara mia, aliguna tu.

Kilichomsumbua inspekta ni runinga. Chini yake palikuwa na barua kutoka kampuni ya kukodisha filamu kwa posta. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: mteja anaandika orodha ya filamu anazotaka, kampuni inamletea diski moja kwenye bahasha, akishaitazama anairudisha kwa bahasha hiyohiyo bila kubandika stempu, ndipo inayofuata inatumwa. Nyingine iliyofika Jumamosi asubuhi ilisema: Ndugu Thakrar, tumepokea filamu yako Ijumaa, asante, inayofuata iko njiani.

Mtu aliyekufa Jumanne alikuwa amerudisha filamu.

Jumatatu walikwenda kwenye ghala la kampuni. Msimamizi wa diski zinazorudi, kijana mnene aitwaye Vijay, aliposikia jina la Thakrar alitabasamu, kisha akaambiwa, tabasamu likamtoka.

"Tulikuwa tunampenda," alisema. "Wateja wote wanarudisha diski tu. Yeye aliandika maoni nyuma ya kila bahasha. Miaka miwili. Hakuna aliyemwomba. Tulikuwa tunazibandika pale ukutani."

Ukutani kulikuwa na bahasha zaidi ya themanini. Mwanamwema alivaa miwani, akasoma kuanzia juu. Mwandiko ulikuwa wa karani wa zamani, herufi zimelala upande mmoja. *Hadithi nzuri, mwisho wa kitoto. Nyimbo saba, tano zingetosha. Diski imekwaruzwa, shujaa alikwama mlangoni dakika kumi, tukacheka sana.*

Tukacheka. Mzee aliyeishi peke yake.

Kuanzia Februari orodha yenyewe ilibadilika. Kati ya filamu za Kihindi zikaanza kuingia za Kifaransa. Mzee Thakrar hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. *Sikuelewa kitu, Keren alinitafsiria kwa Kiswahili. Keren anasema mke ndiye mwenye makosa, mimi nasema mume. Tumebishana mpaka chai ikapoa.*

Ya mwisho ilikuwa na tarehe, kama zote: Jumanne, 13 Juni. *Nzuri kabisa. Keren amelia mara mbili, mimi mara moja.* Juu yake mhuri wa posta: Alhamisi, Kusini-Mashariki ya London. Thornton Heath barua zake hupigwa mhuri wa Croydon; hii ilitumwa kutoka kwingine.

"Nani huyu Keren?" aliuliza Douglas.

"Ndiye tunayemtafuta," alisema Mwanamwema. "Shekinah ni jina la kwenye karatasi tu."

Agency ilikuwa na anwani ya Shekinah: Thamesmead, Kusini-Mashariki ya London, ghorofa ya nne. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa sare ya usafi. Ndiyo, yeye ndiye Shekinah. Ndiyo, alimtunza Mzee Thakrar. Karatasi zake hizi hapa.

"Pole kwa msiba," alisema Mwanamwema kwa Kiswahili. "Mzee alipenda filamu za namna gani?"

Shekinah alisita, kisha akajibu kwa Kiswahili chenye Kifaransa ndani. "Hapana. Haangaliaka televizyo. Alikuwa analalaka tu."

"Keren yuko wapi?"

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, akatoka mwanamke mdogo wa miaka thelathini hivi, macho yamevimba, anafuta mikono kwa kitenge.

"Wacha, yaya," alimwambia dada yake. "Ni mie njo nilikuwa naenda kule."

Kituoni alikataa chai. Wakili wa zamu alikaa kando yake, mkalimani kwenye simu, lakini Keren aliongea na Mwanamwema tu.

"Kwa nini ulitumia jina la dada yako?"

"Dada ana makaratasi ya kuishi huku. Mie bado nangojea jibu. Miaka tatu nangojea. Banakataza tufanye kazi."

"Jumanne ilikuwaje?"

"Tuliangalia filme. Ikaisha. Akaandika maneno yake, akanipatia enveloppe nitie posta, kama siku zote. Nikaitia mu sakoshi yangu ya mukono. Akasema amechoka, nikamulalisha. Kisha nikasikia anapumua mubaya."

"Hukuita ambulensi."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Keren aliikunja ncha ya kitenge, akaikunjua. "Bibi yake, Mama Bhanu, mama ya Sanjay, alikufia ospitali. Juu ya kitanda kirefu, na mashini. Hakuna mutu alimushusha chini. Muzee alilia ile kila siku. Kwao mutu akiwa anaenda, banamuweka chini, ku udongo, karibu na Mungu. Banamutia maji ya mutakatifu na ile jani. Alinifundishaka vile ya kufanya. Alinilapisha. Akasema, ukinipeleka ospitali sitakusamehe."

"Kwa hiyo ulimburuta."

"Nilimubeba. Alikuwa muzito. Nilimuumiza hapa," alijigusa kwapa, "nikamuomba musamaha, akasema hakuna neno."

"Ni ahadi tu iliyokuzuia kupiga simu?"

Hilo ndilo swali Mwanamwema alilokuwa akiliogopa tangu asubuhi, maana alishampenda mwanamke huyu na inspekta hapaswi kumpenda mtu yeyote kabla ya maelezo kutiwa saini.

"Sijui, mama. Ambulance ingekuja, bangeuliza jina yangu. Mie najiuliza kila usiku. Ilikuwa ahadi, ao ilikuwa woga? Niliweka vyote viwili mu roho moja. Sasa siwezi kuvitenganisha."

"Ukamwacha siku tatu."

"Mutoto yake anakujaka Jumatano. Nilisema, kesho atamukuta angali muzuri. Sikujua hatakuja."

"Na filamu?"

"Alhamisi nilifungua sakoshi, nikaikuta. Ni kitu ya benyewe, si yangu. Siwezi kubakia na kitu ya benyewe. Nikaitia posta hapa kwetu."

Douglas aliposimuliwa baadaye alitikisa kichwa. Angeitupa kwenye jalala, alisema, tusingemjua milele. Mwanamwema alimwambia kwamba mtu wa kuitupa asingemfumba mzee macho.

Lakini maelezo ya mtuhumiwa ni maelezo ya mtuhumiwa. Kabla hawajaachana alimuuliza Keren jambo moja zaidi: je, siku ile alimpigia mtu yeyote simu? Keren alisema ndiyo. Alipiga mara mbili, kwa simu ya mezani, ile namba ya kwanza iliyohifadhiwa humo. Hakuna aliyepokea.

Orodha ya simu ilifika Jumanne. Siku ya kifo, saa saba na dakika hamsini na mbili mchana: kutoka kwa Thakrar kwenda simu ya mkononi ya Sanjay. Iliita hadi ikakatika. Dakika mbili baadaye, tena.

Mwanamwema alimwita Sanjay, akaiweka karatasi mbele yake.

Sanjay aliisoma. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Uliniambia hakukupigia."

"Sikupokea."

"Uliiona?"

"Niliiona." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kila mara alikuwa akinipigia wakati kama huo. Filamu imeisha, anataka kunihadithia. Nani kafa, nani kaolewa, nyimbo ngapi. Kuna watu kumi kwa foleni, wanangoja dawa. Niligeuza simu, uso chini."

"Na jani?"

"Nilijua toka nilipoingia mlangoni. Ameshushwa chini. Kichwa kaskazini. Tulsi mdomoni. Alinisihi miaka minne, Inspekta. Sanjay, usiniache kitandani kama mama yako. Mimi nikamwambia, Bapuji, wacha maneno ya kufa, agiza filamu ingine." Alifuta uso kwa kiganja. "Nikaona kila kitu kimefanywa vile alitaka, na si mimi nimefanya. Nilitaka awe ameuawa. Kama kuna muuaji, basi ile simu haikuwa kitu."

Mwanamwema alisikia uchungu wa kweli kwa ajili ya mtu huyu ambaye kwa siku nne alikuwa akimtaka afunge mwanamke asiye na kosa. Aliandika kila neno, kwa sababu ndiyo kazi. Kisha akafanya jambo lisilo la utaratibu. Alimwacha Sanjay pale pale, akaenda kumleta Keren kutoka mahabusu.

"Jina lako la kweli nimeliandika," alimwambia mlangoni. "Siwezi kulifuta, na watu wa uhamiaji watalisoma. Wakili analijua hilo, tayari ameanza kushughulika. Lakini neno kuua halimo tena kwenye jalada. Umesikia?"

Keren aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwona Sanjay, akasimama.

"Wewe ndiye Keren," alisema Sanjay.

"Ndiyo, papa," alijibu kwa adabu.

"Alisema chochote?"

"Aliulizaka kama umefika. Nikapiga simu. Akauliza tena."

Sanjay aliinamisha kichwa. Douglas, aliyekuwa mlangoni bila kuelewa neno, alijua ya kutosha kuondoka.

"Alinifundisha ile maji ni kazi ya mutoto," alisema Keren polepole. "Mutoto mwanaume. Mugeni hawezi. Nilikuwa na kikombe mu mukono, nikaogopa kumutia. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Njo nikasema uongo. Inspekta, hii nayo uandike, ni uongo yangu ya pili." Alimgeukia Sanjay. "Nikamwambia, Sanjay amefika. Ni Sanjay anakupatia maji."

"Na yeye?"

"Alikunywa. Akasema, sasa vizuri."

Mwanamwema alitamani kuondoka chumbani na hakuweza.

"Nionyeshe," alisema Sanjay. "Ulimshika kichwa namna gani?"

Keren aliketi kiti cha pili, akasogeza karatasi za polisi pembeni, akanyoosha mikono yake miwili juu ya meza, viganja juu, akamwonyesha.