Maneno Aliyoandika Euphrasie

Siku ya soko Masisi, mwaka 1955, mvua iliwakimbiza watu chini ya bati la duka moja. Euphrasie, mwanafunzi wa shule ya watawa, gauni lake la maua limelowa chapachapa, alijikuta amebanana na kijana wa kaptula ya kaki iliyonyooshwa pasi.

"Kaka, unanikanyaga."

"Pole, dada. Unikanyage na mimi, tuwe sawa."

Akamkanyaga kweli. Wakacheka.

Kijana alikuwa Symphorien, mtu wa Walikale, kule msituni, karani mpya wa shule ileile. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa, waliteremka pamoja mpaka mtoni, Symphorien akimwita "moyo yangu", Euphrasie akimtania kwamba watu wa msituni wanaongea asali tupu. Nje ya watawa, ni Symphorien peke yake aliyeambiwa jambo ambalo Euphrasie aliwaandikia: hataki kuolewa baada ya mavuno kama baba yake alivyopanga. Anataka kwenda hospitali ya Walikale kujifunza kuzalisha wanawake. Maneno hayo yaliwekwa kwenye dosie yake, faili lake la shule, ofisini kwa karani.

Siku moja baba yake, mzee Sebarenzi, akafika shuleni kutoka Kibabi. Alipotoka alikuwa anajua yote, na akaamuru binti yake afunge mizigo.

Euphrasie alimkuta Symphorien getini. "Umeniuza kwa Papa."

"Euphrasie, unisikilize kwanza..."

"Sauti yako sitaki kuisikia tena."

Kule Kibabi, kijijini kwao, Euphrasie alilima maharage kwa hasira. Baba naye alinuna, mpaka siku moja shambani akapumzika juu ya jembe lake.

"Yule karani yenu iko na kichwa nguvu," alisema. "Nilimuomba dosie yako, akanikatalia. Mimi, baba yako. Eti, 'Papa, ile maneno iko yake, mumuulize yeye.' Njo nikaenda kwa masere mukubwa, ule mutawa anaongoza shule, akanisomea. Karani wakamufukuza kazi, akarudi kwao."

Euphrasie aliacha jembe lake. Akakaa chini kwenye udongo.

"Na wewe Papa, haukuniuliza."

Mzee aliinama, akang'oa gugu.

"Uniulize sasa."

Upepo wa mlimani ulipita kwenye majani. "Basi, mutoto yangu. Juu ya nini unataka ile kazi?"

"Siku mama alikufa akizaa, mimi njo nilikuwa namushika mukono. Hapakuwa hata muntu moja wa kujua la kufanya."

Sebarenzi aligeuza uso. "Masere hakunisomea ile."

"Sikuiandika, Papa."

Baada ya mavuno, badala ya harusi, walipanda lori pamoja, wakateremka mpaka Walikale penye hospitali. Symphorien alikuwa anapakua magunia ya mpunga mbele ya duka, shati limemganda mgongoni. Alipomwona Euphrasie akatua gunia.

"Nilikuhukumu bure," alisema Euphrasie. "Unisamehe."

"Kila lori ya Masisi ikifika, naangalia kama uko ndani."

Alifuta mikono, akamwendea mzee, akainama. "Papa, akimaliza masomo, naomba kumuoa."

Sebarenzi alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Kwetu mukwe analima. Unajua kulima mulimani?"

"Sijui, Papa."

"Utajifunza. Ukuje wakati wa kupanda."

Euphrasie akainamisha kichwa, akajifanya anafunga upya kitambaa chake, baba asione anavyotabasamu.