Chembe za Nuru Katika Nyumba ya Djaouharia

"Ukilifungua hilo sanduku, umeniua," Kamardine alimwambia mamluki wa Kizungu.

Mamluki huyo mwenye ndevu nyekundu hakuelewa, wala hakutaka kuelewa. Bunduki yake ilielekea sanduku jeusi kwenye chumba cha kusafishia picha, nyuma ya studio ya Djaouharia pale Moroni.

"Anasema ni redio ya wapinzani," Inzoudine, askari mwenyeji, akatafsiri, macho chini. "Fungua, Mwalimu, yaishe."

"Sifungui."

Djaouharia alimjua mchumba wake. Kwa ajili ya fizikia angelala korokoroni. Majuma kadhaa taa hafifu ilikuwa ikiwaka mle, nyuma ya vioo vilivyopakwa masizi, ili nuru ipite chembe moja moja kwenye mianya miwili hadi kwenye filamu. Wanafunzi wake walimcheka aliposema nuru ni chembe na pia ni wimbi, na filamu ile ndiyo ingewanyamazisha. Alimpenda hata kwa ukaidi huo. Akakamata kifuniko, akakifungua mwenyewe.

Mamluki akachungulia, akaona balbu na vioo, akaondoka akicheka.

"Mwanga umeingia, umeniharibia filamu," Kamardine akasema.

"Filamu inanunuliwa, Mwalimu. Wewe nitakununua wapi?"

Kamardine akabeba sanduku lake, akatoka. Djaouharia akarudi kwao Mutsamudu, kisiwa kingine, akilia njia nzima, akiamini amempoteza.

Juma lililofuata simu ikalia dukani kwa baba yake.

"Nilikuwa mjinga," Kamardine akasema. "Nimelilia filamu, nikakusahau wewe. Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Sanduku je?"

"Ninalo, ila huku Moroni sina pa kuliweka. Kila mlango mamluki wanaupiga teke."

"Basi liweke nyumbani kwangu."

Visiwani kwao nyumba ni ya binti, hujengewa na wazazi wake, na mwanamume haingii kukaa humo ila kwa ndoa.

"Djaouharia, unajua ulichosema?"

"Najua. Na baba yuko hapa, amesikia."

"Anasemaje?"

"Anauliza wazee wako wanakuja lini."

Wakaoana. Sanduku likakaa chumba cha nyuma hadi filamu mpya ikapata nuru ya kutosha, na bi harusi akaisafisha kwa mikono yake. Michirizi ikajitokeza mingi, mweupe, mweusi, mweupe.

"Si ulisema chembe zinapita moja moja?"

"Ndiyo. Zingekuwa changarawe tu, tungeona mistari miwili. Kila chembe inasafiri kama wimbi, inapita mianya yote miwili, halafu inatua kwenye nukta moja tu."

Djaouharia akaitazama filamu, kisha akamtazama mumewe. Machozi yalimlengalenga mwanamume yule.

"Nenda Moroni ukawaonyeshe wanafunzi."

"Wataiona tu. Leo nataka kukaa nyumbani kwangu."

"Kwangu," Djaouharia akamsahihisha, akamvuta karibu.