Saa ya Siku Nane

Kazi yangu hapa Besançon, Ufaransa, ni kutia ufunguo saa za wakubwa. Kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba. Jioni ile nilikuwa na haraka, maana mke wangu Léontine alikuwa hoi kwa homa ya mapafu. Nyumba ya kina Vaubrun ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Saa yao ilikaa juu ya meko, shaba iliyochovywa dhahabu. Kileleni yuko Krono, mungu wa kale, mzee wa mabawa, amemshika mwanawe mchanga anataka kumla. Yule mzee sikumpenda tangu siku ya kwanza.

Nikaikuta imesimama. Saa kumi na dakika kumi.

Mkono una mazoea yake, jamani. Nikatia ufunguo, nikaisukuma pendulamu.

Tik... tak...

Ghorofani kitanda kikalia. Ikaja harufu ya mishumaa. Kisha nyayo. Tik, hatua. Tak, hatua.

Perrine, mtumishi wao, akaingia mbio. "Mzee Anselme, umefanya nini wewe!" alinong'ona.

"Si nimetia ufunguo?"

"Bwana amekufa leo! Huoni vioo vimefunikwa? Saa husimamishwa mpaka marehemu atolewe nyumbani!"

Desturi hiyo naijua tangu utotoni. Haraka ilinipofusha.

Nyayo zikafika ngazini.

"Isimamishe! Isimamishe, nakuomba!"

Nikaikamata pendulamu. Kitu kizito kikaanguka nje ya mlango. Puu! Kisha kimya.

Mjane hakutaka hata kuiona tena. "Ondoka nayo," aliniambia akilia. Nikaifunga blanketi, nikaibeba.

Nyumbani kwangu, jirani yetu Gervaise alinipokea mlangoni. "Pole, ndugu yangu. Léontine ametutoka sasa hivi."

Nilimwomba aniache naye. Niliogopa, Mungu anajua nilivyoogopa. Lakini blanketi lilikuwa mkononi, na mke wangu amelala pale...

Nikaifungua saa, nikaisukuma pendulamu.

Tik... tak...

Akafumbua macho.

Gervaise alihama kesho yake.

Huu ni mwaka wa tatu. Léontine hali, hasemi, hafumbi macho. Anapumua pamoja na saa ile. Ufunguo mmoja ni siku nane tu, na sijathubutu kukosa Jumamosi hata moja.

Wiki hii nimeanza kukohoa, kikohozi kilekile chake. Jana nilimkuta mbele ya saa, ameshika ufunguo, anajifunza.

Akageuka. Akasema kwa mara ya kwanza.

"Usiogope, mume wangu. Na wewe nitakutilia ufunguo."